Muuzaji Yuko Bafuni

Katika nchi moja ambayo mwanasheria wetu ametushauri tusiitaje jina mpaka kibali cha kuitaja kitoke (tuliomba mwaka juzi, tunaambiwa kiko mezani), kulikuwa na mama mmoja mstaafu aitwaye Leokadia Rwamugira. Nchi yenyewe ni njema. Ina milima, ina amani, ina bendera ya rangi saba na wimbo wa taifa wa beti kumi na nne, na raia wake wamejaliwa kipaji cha kukaa kwenye benchi ambacho mataifa jirani bado hayajakifikia.

Leokadia alikuwa mtangazaji wa stesheni kuu ya reli, mji mkuu. Kwa miaka thelathini na moja sauti yake ndiyo iliyowaarifu abiria kwamba treni ya Milimani imechelewa. Hakuwahi hata siku moja kutangaza kwamba imefika, maana ikifika watu walijionea wenyewe. Alipostaafu alibaki peke yake kwenye nyumba ya vyumba vitatu aliyoijenga na marehemu mumewe, mtaa wa Karakana. Hawakujaliwa watoto. Ndugu aliyemsalia ni dada yake mkubwa, Paskazia, aliyeishi Milimani, mwendo wa siku mbili kwa treni.

Na Paskazia alikuwa anapofuka. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi.

"Yanafifia kuanzia pembeni," Paskazia alimwambia kwenye simu. "Sasa hivi mtu namwona kama namchungulia kwenye tundu la ufunguo. Njoo, Leo, tundu halijaziba."

Leo ndilo jina alilomwita mdogo wake tangu utotoni. Mtu asiyewajua, akisikia "Leo, unakuja lini?" angedhani bibi huyu hajui siku.

Bahati ikawa upande wao. Jirani wa Paskazia, fundi cherehani mstaafu aliyeitwa mzee Ligola, alikuwa anauza nyumba yake ili akaishi kwa binti yake. Kati ya nyumba yake na ya Paskazia palikuwa na ua wa michongoma tu, na ua wenyewe ulikuwa na pengo. Wakati huohuo, huku mjini, fundi redio mmoja kijana, Elikana, na mkewe Rahel mwenye mimba ya miezi saba, walikuwa wanatafuta nyumba ya vyumba vitatu mtaa wa Karakana. Leokadia akaongea na mzee Ligola kwa simu asubuhi. Mchana akawakaribisha Elikana na Rahel. Wakazunguka vyumba, wakafungua mabomba, Rahel akasimama kwenye chumba cha nyuma akashika tumbo na kusema, "Hapa." Wakakubaliana kila kitu kabla chai haijapoa. Leokadia atahamia kwa mzee Ligola, Elikana na Rahel watahamia kwa Leokadia.

Watu wa nchi nyingine wangebeba vitanda kesho yake. Lakini nchi hii ina sheria.

*

Ina Sheria ya Utulivu wa Makazi, inayosimamiwa na Wizara ya Ardhi, Makazi na Uvumilivu. Kwa sheria hiyo mtu haruhusiwi kumpa mwenzake ufunguo wa nyumba ila kwa mkono wa wakili. Na kifungu cha arobaini kinasema kwamba muuzaji atalala ndani ya nyumba anayoiuza kila siku, pasipo kukosa, hadi makabidhiano, ili mnunuzi asije akauziwa nyumba isiyo na mwenyewe. Kila jioni tarishi wa mtaa hupita na daftari, muuzaji anatia sahihi kwamba yupo. Sahihi moja ikikosekana, faili linafungwa, linaanza upya.

Leokadia akaenda kwa Wakili Msomi Dokta Anselmi Kirumbi. Mlangoni pameandikwa: Kirumbi, Kirumbi na Wenzao. Kirumbi wa pili alikuwa baba yake, ambaye yuko kwenye picha ukutani. Wenzao hawajawahi kuonekana.

"Mama yangu," alisema wakili, akiviunganisha vidole vyake kama mtu anayetaka kusali, "umefika mahali stahiki, kwa mtu stahiki, katika saa stahiki. Jambo lako ni dogo. Wiki tatu."

"Wiki tatu tu, mheshimiwa?"

"Tatu. Ikitokea balaa, tatu na siku mbili."

Leokadia akarudi nyumbani akaanza kufungasha. Akafunga vyombo kwenye magazeti, akafunga mapazia, akafunga picha za arusi. Akajiachia sufuria moja, sahani moja, kijiko kimoja na kitanda. Usiku huo dada yake akamuuliza, "Leo, unakuja lini?" Akajibu kwa ile sauti yake ya stesheni, "Wiki tatu, dada."

Wiki tatu zilipokwisha alirudi ofisini. Karani wa mapokezi, Bi Kandida, alimwambia wakili yuko kikaoni. Kupitia kioo cha mlango Leokadia alimwona wakili amekaa peke yake anakula ndizi. Baada ya saa mbili kikao kikaisha, akaingizwa.

"Mambo yamepamba moto," alisema wakili. "Tumeshamwandikia barua wakili wa mnunuzi, msomi mwenzangu Pendaeli."

"Amejibu?"

"Barua iko njiani."

"Ofisi yake iko wapi?"

Wakili akanyoosha kidole. Ng'ambo ya korido, hatua sita kutoka pale, palikuwa na mlango ulioandikwa: Pendaeli, Wakili.

"Sasa si mlango huo hapo, mheshimiwa? Nipe mimi nimpelekee."

Dokta Kirumbi akavua miwani, akamwonea huruma. Akaeleza taratibu, kama unavyomweleza mgeni. Barua ya kisheria huenda kwanza Posta Kuu ikasajiliwe. Kutoka hapo nakala inakwenda wizarani, nyingine kwa Msajili wa Hati, na ile yenyewe inashuka bandarini, ambako ndiko kwenye mashine ya kugonga tarehe, halafu inapanda tena kuja mjini. Majuma matano, ikiwa mashine haijaharibika. "Sheria, mama yangu," alisema, "haivuki korido kwa miguu."

Alipokuwa bado anasema, mlango ukafunguliwa. Akaingia mwanamume mfupi mwenye kikombe mkononi, akaomba sukari. Alikuwa Pendaeli mwenyewe. Mawakili wale wawili wakakoroga chai, wakaongea mpira, wakacheka mpaka wakagongana mabega.

Leokadia akaangalia huku na huku. "Lakini huyu si ndiye huyu? Mwambie basi."

Bi Kandida, nje, akaacha kupiga taipu.

"Mama," alisema Dokta Kirumbi kwa upole mkubwa, "hapa amekuja kama jirani. Kama wakili, bado hajafika."

*

Mwezi wa nne akatumwa Mkaguzi wa Uwepo wa Nyumba, bwana mrefu aliyeitwa Chihota, kuthibitisha kwamba nyumba inayouzwa ipo. Akagonga ukuta mara tatu.

"Hiki ni nini?"

"Ukuta."

Akaandika. Akatazama juu. "Na kile?"

"Dari."

Akaandika. Nyumba ilikuwa inaendelea vizuri mpaka alipoingia sebuleni akakuta maboksi yamepangwa mpaka dirishani. Akaguna. "Mama, hapa haishi mtu. Hii ni ghala. Na hati yako inasema nyumba ya kuishi." Akaandika kwamba nyumba haikaliwi, na nyumba isiyokaliwa haina muuzaji, na isiyo na muuzaji haiuziki. Akampa siku kumi arekebishe.

Leokadia akafungua maboksi yote. Akatundika mapazia, akapanga vikombe kabatini, akarudisha picha ukutani. Bwana Chihota akaja, akaridhika, akagonga muhuri. Wiki ya pili yake akaja mkaguzi mwingine, wa upande wa mnunuzi, aliyetumwa kuthibitisha nia. Akakuta mapazia yanapepea na picha za arusi zimening'inia, akasikitika. "Muuzaji huyu hana nia ya kuhama," akaandika, na akampa siku kumi.

Leokadia akafungasha tena. Alifanya hivyo mara tano katika mwaka wa kwanza na nusu. Mara ya tano mikono yake ilikuwa inajua kila kikombe kinakaa boksi gani, akili ikiwa haipo kabisa.

Mwanzoni alikuwa na hasira. Alikuwa akirudi kutoka kwa wakili anaongea peke yake barabarani, watu wanampisha. Baadaye hasira ikawa inakuja jioni tu, wakati tarishi anapogonga mlango na daftari. Halafu ikaacha kuja. Kilichobaki ni kitu kama ule mguu uliokaliwa muda mrefu, ukiushika unajua ni wako, lakini haukupi habari yoyote. Alikuwa anakula kwa sababu saa imefika. Tarishi, mzee mpole aitwaye Sospeta, alikuwa akisema, "Sahihi, mama," naye anatia sahihi bila kuangalia karatasi.

Mtu anaweza kuuliza, si angeacha tu hayo yote akapanda treni akamwone dada yake? Alijiuliza na yeye. Lakini kila alipokaribia kuamua, Dokta Kirumbi alimwambia limebaki jambo moja dogo, wiki ijayo. Kuondoka wiki moja kabla ya mwisho, baada ya kungoja majuma themanini, kulionekana ni wazimu. Na wiki iliyofuata, vilevile ilikuwa imebaki wiki moja.

"Leo, unakuja lini?"

"Wiki ijayo, dada."

"Haya. Leo nimeona rangi nyekundu. Sijui ilikuwa kanga au ndoo."

*

Mwaka wa pili Leokadia alipewa nishani.

Ilikuwa Wiki ya Kitaifa ya Kungoja, ambayo huadhimishwa kila mwaka mwezi wa tano, na mwaka ule ilifanyika mwezi wa tisa. Uwanja ulijaa. Bendi ya polisi ilipiga beti zote kumi na nne. Kisha Mheshimiwa Waziri wa Ardhi, Makazi na Uvumilivu akapanda jukwaani, akafuta jasho, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Ndugu wananchi! Wapo wanaosema serikali yenu inachelewa. Mimi nawauliza hao: tunachelewa kwenda wapi?"

Watu wakanyamaza.

"Mnaona? Hawana jibu!"

Makofi yakavuma. Waziri akasema kwamba alipoingia madarakani faili la nyumba lilikuwa linachukua miaka tisa, na kwamba leo hii, kwa juhudi za makusudi, hakuna ajuaye linachukua miaka mingapi. Makofi yakavuma tena.

Nishani ya daraja la kwanza ilikwenda kwa mzee mmoja aliyeanza kuuza nyumba yake akiwa kijana. Ilipokelewa na mjane wake, aliyesema kwa sauti ndogo kwamba marehemu anashukuru sana, yuko hatua ya nne, na anaendelea vizuri. Leokadia alipata daraja la tatu. Waziri alipokuwa anambandika kifuani, Leokadia akamnong'oneza, "Mheshimiwa, faili langu liko wapi?"

Waziri akageukia kipaza sauti, uso umejaa furaha. "Mama huyu ananiuliza faili lake liko wapi! Ananiuliza mimi, Waziri, uso kwa uso! Je, hii si demokrasia?"

Uwanja mzima ukasimama. Leokadia akateremka, akapewa soda na biskuti mbili, akala moja. Alitazama nishani ile kifuani kwake akingoja ajisikie vibaya. Hakujisikia vyovyote.

Jioni ile Rahel alikuwa anamngoja barazani, amembeba mtoto mgongoni. Elikana alikuwa pembeni na godoro. Mtoto, msichana wa mwaka na miezi kadhaa, aliitwa Anjela. Alizaliwa kwenye chumba cha kupanga, na sasa mwenye chumba amekitaka chumba chake.

"Shikamoo, mama," alisema Elikana. Alikuwa anaona aibu, anasugua kiatu kwenye sakafu. "Hatuna pa kwenda. Tulidhani ni wiki tatu."

"Marahaba. Sheria inasemaje?"

"Tumemuuliza Wakili Pendaeli. Mnunuzi akilala kwenye nyumba kabla ya makabidhiano ni mvamizi. Ila mgeni anaruhusiwa. Mgeni hana kikomo."

"Basi karibuni, wageni," alisema Leokadia, akasogea mlangoni wapite.

Wakasukuma maboksi ukutani. Anjela alijifunza kutembea kwa kushika maboksi yale, moja baada ya jingine, kutoka sebuleni mpaka jikoni. Akawa anamwita Leokadia bibi. Nyumba ikawa na harufu ya uji na waya za redio zilizoungua. Sheria haikuona kosa lolote. Ilipita kila jioni na daftari, ikasalimia wageni, ikachukua sahihi.

*

Katika mwezi wa tatu wa mwaka wa nne, siku ya Jumapili, Paskazia alipiga simu kama kawaida. Akaongea juu ya mvua. Akasema kuku wametotoa. Akasema mzee Ligola ana kikohozi, na binti yake anamlilia kila siku aende, lakini na yeye amefungwa na daftari la tarishi wa kule. Kisha akasema, "Haya mdogo wangu, tuombeane," akakata.

Leokadia akabaki na simu sikioni.

Rahel, aliyekuwa anakunja nguo, akamtazama. "Vipi, mama?"

"Hakuniuliza."

"Hakukuuliza nini?"

"Nakuja lini."

Rahel akaweka nguo chini. Leokadia akaendelea kusimama. Kwa karibu miaka minne swali lile lilikuwa linamjia kila wiki na alikuwa na jibu lake tayari, kama tangazo. Leo jibu lilikuwa mdomoni na hapakuwa na mtu wa kumpa. Halikumuuma. Hilo ndilo lililomtisha, kwamba halikumuuma. Alijiminya mkono, hivi, kwenye nyama chini ya kiwiko, akaona ngozi inabadilika rangi.

"Treni ya Milimani inaondoka saa ngapi siku hizi?" akauliza.

"Saa nne asubuhi, wanasema," alijibu Elikana kutoka kwenye redio zake. Akainua kichwa. "Mama, na tarishi je? Faili litafungwa. Miaka minne hii yote."

Leokadia akaenda kwenye maboksi, akatoa nguo tatu, viatu, na blanketi. Ufunguo wa mlango wa mbele akauvua kwenye kamba ya shingoni, akamvisha Anjela, ambaye aliutia mdomoni.

"Tarishi mwambieni chochote," alisema.

Asubuhi akapanda treni. Ilichelewa saa saba. Sauti ngeni ya mwanamke ilitangaza hivyo, na Leokadia akaona kwamba inatangaza vizuri.

Siku ya tatu, alfajiri, alishuka Milimani. Paskazia alikuwa ameletwa na mzee Ligola. Alisimama kwenye jukwaa la stesheni na fimbo mpya, amevaa kitenge chake cha sikukuu, anatabasamu. Alikuwa anamtabasamia mama mwingine kabisa, mwenye kapu la vitunguu, aliyekuwa anapita upande wa pili.

Leokadia akasimama mbele yake. Dada yake akaendelea kutabasamu kuelekea vitunguu.

"Ni mimi, dada."

Paskazia akageuza uso kuifuata sauti. Macho yalikuwa mazuri tu, meusi, yametulia. "Umechelewa kidogo," alisema. "Yalimalizikia wakati wa mvua. Sikutaka kukuambia kwenye simu." Akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wa mdogo wake, akaushika. "Twende, nimebandika maharage."

Mzee Ligola aliwafuata nyuma na begi, anakohoa. Hakungoja kukaa. Pale kwenye pengo la michongoma alimpa Leokadia ufunguo wake mkononi, mkono kwa mkono, jinai ya wazi kabisa, na kesho yake akaenda kwa binti yake. Zoezi zima lilichukua muda wa mtu kuvua kofia na kuivaa.

*

Huku mjini, jioni ile ya kwanza, tarishi Sospeta aligonga mlango na daftari lake.

"Sahihi ya mama."

Elikana akafungua mlango nusu. Hakuwa mtu wa uongo, na uongo ukija kwa mtu asiyeuzoea huja mdogo mdogo. "Mama yuko bafuni," alisema.

Sospeta akafikiri. Daftari lilikuwa na safu mbili, Yupo na Hayupo. Mtu aliye bafuni yupo. Akaandika: Yupo, bafuni. Akatakia familia usiku mwema.

Jioni ya pili mama alikuwa bafuni. Ya tatu pia. Kufika mwezi wa pili, Sospeta alikuwa haulizi tena. Alikuwa anaandika akiwa bado barabarani, na wakati mwingine anasema kwa sauti ya kuelekea dirishani, "Pole, mama!" Mara moja alileta dawa ya tumbo, ya mizizi, aliyochimba mwenyewe. Rahel akaipokea kwa mikono miwili, akaingia ndani akakaa sakafuni.

Daftari lilipofika wizarani mwisho wa robo mwaka, lilipita kwenye meza sita bila tatizo. Kwenye meza ya saba palikuwa na ofisa mpya ambaye bado alikuwa anasoma. Aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: Muuzaji bafuni siku tisini na nne. Ni bafu la aina gani?

Likaundwa jopo. Jopo likasikiliza wataalamu wa mabomba. Dokta Kirumbi aliitwa, akazungumza saa mbili kutetea haki ya raia kuoga, na hotuba yake ikachapishwa gazetini. Mwishowe jopo likaamua kwamba kwa kuwa sheria hairuhusu kumtoa mtu bafuni, ushahidi utafutwe upande wa pili. Ikiwa Leokadia Rwamugira hayuko Milimani, kwa dada yake, basi bila shaka yuko bafuni. Akatumwa Afisa Uhakiki wa Kutokuwepo.

*

Afisa alifika Milimani Jumanne, saa nne, amevaa tai, viatu vimejaa tope. Paskazia na Leokadia walikuwa wamekaa kwenye mkeka kibarazani, wanachambua mchele. Paskazia aliuchambua kwa vidole, na alikuwa anapata mawe mengi kuliko mdogo wake.

"Hodi wenyewe."

"Karibu, mwanangu," alisema Paskazia.

Afisa akakaa kwenye kigoda, akafungua fomu juu ya goti. Leokadia akaacha kuchambua. Alijua ni nini. Akajitayarisha kusema jina lake, miaka minne ya sahihi iende na maji. Alifungua kinywa.

"Wewe mama huulizwi," afisa alimkatiza, kwa heshima lakini haraka, mkono ameunyoosha kama polisi wa barabarani. "Kwa mujibu wa faili, hapa hupo. Nikikuuliza swali nitakuwa nimekubali kitu ambacho bado kinachunguzwa. Naomba usinitazame." Akamgeukia Paskazia. "Shahidi ni wewe, bibi. Wewe ni ndugu wa damu na mkazi aliyesajiliwa. Neno lako ni la mwisho. Uko tayari?"

"Niko tayari."

"Swali ni moja tu." Akasoma kwa sauti ya juu, kama anahutubia mkutano. "Tangu mwezi wa tatu hadi siku hii ya leo, umemwona ndugu yako Leokadia Rwamugira mahali hapa?"

Vidole vya Paskazia vilisimama kwenye ungo. Kuku alipita. Leokadia alimtazama dada yake, na dada yake aliinua uso wake mtulivu kuelekea mahali ilikotoka sauti ya afisa.

"Sijamwona," alisema.

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja, mwanangu."

Afisa akashusha pumzi. Akaandika neno kwa neno. Akatoa muhuri mfukoni, akaupulizia pumzi, akaugonga mara mbili. "Hongereni sana," alisema. "Huu ndio uliokuwa mkwamo. Faili sasa linaingia hatua ya pili." Akafuta jasho, akaomba maji ya kunywa. Leokadia akaenda ndani akamletea kikombe. Afisa akakipokea, akanywa mpaka chini. "Asante, mama," alimwambia, akamrudishia kikombe, akafunga mkoba wake, akashika njia.

Wakabaki wawili na ungo wa mchele.

"Ameondoka?" Paskazia aliuliza.

"Amekata kona."

"Nimesema kweli?"

"Umesema kweli, dada."

Paskazia akachambua jiwe moja, akalitupa uani. Akachambua lingine. Halafu akasema, bila kugeuka, "Basi niambie mwenyewe. Siku hizi unafananaje?"

Leokadia akatafuta jibu. Akaona kwamba hajui. Ilikuwa muda mrefu hajajitazama, na hata alipojitazama hakuangalia. Akaweka ungo chini. Akainua mikono yake, iliyojaa pumba, akaanza kujipapasa uso taratibu, paji, nyusi, mashavu, kama mtu anayepapasa ukuta wa chumba kigeni akitafuta mlango uko wapi. Chini ya jicho la kushoto vidole vikakuta maji, akashangaa ni ya nini.

"Nywele zimekuwa nyeupe zote," alianza.